Kila Njia Iliniozesha Mimi

Mume wangu alipozinduka baada ya kiharusi alikuwa amebakiwa na neno moja tu, na neno lenyewe ni jina langu. Silitaji hapa. Limetajwa vya kutosha.

Mtu wa mbali anaweza kuona ni jambo la kupendeza, mume kuamka na jina la mkewe mdomoni. Kwa sisi wa Ujiji ilikuwa aibu. Mume wangu hakuwahi kuniita jina. Tangu nilipoingia nyumbani kwake hadi siku ile alipoanguka ufukweni, mbele ya boti aliyokuwa akiiziba, alikuwa ama anakohoa nikajua naitwa, ama, baada ya kuzaliwa binti yetu wa kwanza, ananiita Mama Fulani, kwa jina la mtoto. Ndivyo baba yangu alivyomwita mama yangu, na ndivyo nilivyotaka niitwe. Jina la usichana unaliacha kwenu. Mtu mzima ukiitwa jina lako kavukavu na mumeo mbele za watu, unajisikia umevuliwa kanga.

Sasa akawa analitaja kutwa. Akitaka maji, jina langu. Akitaka kiatu, jina langu. Daktari alimwuliza anaitwa nani, akajibu jina langu kwa sauti kubwa na uhakika wote wa duniani. Jirani alimletea uji, akamshukuru kwa jina langu. Wageni wakawa wanaondoka wakinitazama kwa jicho la pembeni, na haikuchukua muda nikasikia kule bombani kwamba nimemwekea mume wangu limbwata, na dozi imepitiliza. Mimi! Mtu kapooza mkono na mguu wa kulia, wao wanaona limbwata. Nilikwenda bombani nikawatolea uvivu wote waliokuwepo, na wasiokuwepo nikawaagizia.

Aliyetueleza ugonjwa ule ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo hospitalini, binti mdogo tu, mgeni wa Kigoma, aliyekuwa akimnyoosha mume wangu mguu. Alisema unaitwa afasia. "Akili yake ipo nzima, Mama," aliniambia. "Anakujua, anawajua watoto, anajua anachotaka. Kilichoharibika ni njia ya kutolea maneno." Nikamwuliza kama ipo dawa. Akasema dawa hakuna, ila kuna kukaa pamoja na wenzake na kufanya mazoezi ya kusema, na kwamba amesomea kidogo jambo hilo, na ameanzisha kikundi. Nilitaka kucheka. Watu wasioweza kusema wakae kikao, watasema nini?

Lakini nilimpeleka. Mara moja kwa wiki tulipanda bajaji kutoka Ujiji hadi Gungu, kwenye chumba cha hospitali chenye mabenchi, mkeka, na vyuma vya kushikilia ukutani kwa wanaojifunza kutembea. Wagonjwa walikuwa wachache, nao wakija wakikosa, lakini wawili hawakukosa kamwe. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, aliyefundisha nusu ya wazee wa mji huu kusoma. Huyu kiharusi kilimfagilia maneno yote kikamwachia matusi. Alikuwa akifungua mdomo aseme "habari za asubuhi", linatoka tusi la kumfanya mvuvi azibe masikio. Mkewe alikuwa anakaa kwenye benchi kajifunika uso kwa mtandio tangu mwanzo hadi mwisho. Wa pili alikuwa mama wa Kidahwe, mzaliwa wa Burundi, aliyekuja huku mkimbizi akiwa kijana akaolewa akabaki. Kiswahili chake chote kilikuwa kimeondoka, kimebaki Kirundi kidogo, "ego" akikubali na "oya" akikataa, na nyimbo za kanisani. Nyimbo aliziimba mpaka mwisho bila kukwama. Akimaliza, ukimwomba akuambie anataka nini, anakutazama tu.

Mwanzoni yule dada alileta kadi za picha. Bata, kikombe, mpira. Mume wangu alizitazama, akazisukuma kwa mkono wa kushoto zikaanguka chini zote. Nilimwelewa. Fundi aliyetengeneza maboti yanayokwenda hadi Kongo na kurudi, leo anaonyeshwa bata. Dada hakukasirika. Aliziokota, akazitia kwenye mfuko, na hatukuziona tena. Wiki iliyofuata alituambia kila mtu aje na kitu cha kwao, na kwamba watakaofundishwa kwanza ni sisi tuliowaleta wagonjwa.

Akatufundisha kunyamaza. Mnadhani ni rahisi? Mimi nauza dagaa na migebuka sokoni, riziki yangu iko mdomoni. Mgonjwa akianza kuhangaika na neno, ulimi wangu ulikuwa umeshafika mbele unamsubiri. "Maji? Unataka maji? Kofia? Choo?" Dada alikuwa ananiwekea mkono gotini. "Mama, mngojee." Nangoja, jasho linanitoka. Alituambia ukimmalizia mtu neno lake unamnyang'anya, na ukimnyang'anya kila siku ataacha kuhangaika, atakaa kimya mpaka kaburini. Niliporudi nyumbani nilikuwa nauma upindo wa kanga ili ninyamaze. Kanga ile ina matundu.

Jambo la pili alilotufundisha ni kuhusu ndiyo na hapana. Hili ndilo lililokuja kutuponza, au kutuokoa, sijui nisemeje. Maneno haya mawili mume wangu aliyapata mapema, tukashangilia, kumbe yanatoka yakiwa yamebadilishana. Anataka kusema hapana, inatoka ndiyo. Mwenyewe anasikia kwamba amekosea, anakunja uso, anajaribu tena, inatoka ndiyo ileile. "Tazameni kichwa," dada alituambia. "Kichwa hakimdanganyi. Mdomo uacheni uhangaike." Kwetu nyumbani tukazoea. Tunamwuliza, tunatazama kichwa. Wa nje hawakujua, na hatukuona haja ya kuwapigia mbiu.

Basi, binti yetu mkubwa alikuwa ameshachumbiwa kabla baba yake hajaanguka. Kijana ni fundi umeme wa Katubuka, mpole mpaka inakera, na mume wangu alikuwa amemkubali mwenyewe kwa mdomo wake ulipokuwa mzima. Harusi ilisogezwa kwa sababu ya ugonjwa. Ukoo wa kijana ulipoanza kuuliza kwa adabu mambo yamefikia wapi, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akalivalia njuga.

Nilikuwa sokoni. Nimerudi na beseni kichwani nakuta kanzu tatu zimekaa barazani kwangu, shemeji na rafiki zake wawili, wanakunywa chai. Shemeji kanichangamkia. "Shemeji, tumeshamaliza. Kaka amenipa wakala, nitamwozesha mtoto mimi. Nimemwuliza mbele ya mashahidi hawa, akasema ndiyo."

Nikaliweka beseni chini. "Kichwa chake kilifanyaje?"

"Kichwa?"

"Ulipomwuliza akasema ndiyo. Kichwa chake kilikuwa kinafanya nini?"

Wale wawili wakatazamana. Mmoja akasema kweli kilikuwa kinatikisika, walidhani ni ugonjwa.

Nikawaeleza. Nilieleza vizuri, Mungu shahidi yangu, nilianza kwa adabu kabisa. Shemeji akasikiliza, kisha akatoa maneno ambayo mpaka leo yakinijia napata joto la masikio. Alisema kama ndiyo yake si ndiyo na hapana yake si hapana, na kila kitu anakiita kwa jina la mkewe, basi huyo si mtu mwenye akili timamu, na asiye na akili timamu hawezi kuwa walii wa kumwozesha binti yake. Uwalii unahama. Unakwenda kwa ndugu. "Kwa hiyo iwe wakala au isiwe, Shemeji, ni mimi tu."

Yote hayo aliyasema mlangoni, na mwenye kusemwa yuko ndani, kitandani, anasikia. Nilimsikia akipiga ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, anapiga tena na tena, anataja jina langu. Nilipoingia alikuwa analia. Sijapata kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Binti yetu alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, na alimjibu baba yake mdogo kwa sauti iliyofika barazani. "Baba mdogo, shikamoo. Mimi baba yangu hajafa. Ataniozesha yeye, au nitakaa hapahapa nimwogeshe."

Nilimpenda mtoto wangu siku ile. Na niliogopa pia, kwa sababu anampenda yule kijana, na nilijua hasemi mchezo.

Kwa hiyo nilikwenda kwa sheikh atakayefungisha ndoa. Ni mzee mchangamfu, asiye na haraka. Alisema mlete nimwone, kama akili ipo nitajua. Nikamwambia hapana, sheikh, njoo wewe Gungu. Akiletwa kwako atajiona yuko mahakamani, atataja jina langu tu, na jina langu limeshatembea mjini kuliko mimi. Alicheka, akaja.

Siku hiyo mwalimu mstaafu alikuwa amekaa karibu na mlango. Alipomwona sheikh anaingia na kilemba, akajaribu kusimama kwa heshima, akamnyooshea mkono, na badala ya salamu akamtolea tusi refu lisilo na mfano. Mke wake akashuka taratibu kutoka kwenye benchi mpaka kwenye mkeka. Sheikh akashika ule mkono kwa mikono yake miwili. "Waalaikumu salaam, mwalimu wangu," akasema. "Umenichapa sana darasa la pili." Mwalimu alitoa machozi ya furaha, akatukana tena.

Nikajua tuko katika mikono mema.

Sheikh alikaa akatazama. Alimtazama mama wa Kidahwe akionyesha kwa vidole na Kirundi chake jinsi anavyopika maharage, na wote tunangoja. Halafu akamgeukia mume wangu. "Mzee, wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo," mume wangu akasema, na kichwa kinakataa mpaka kofia inataka kuanguka, na yeye mwenyewe anacheka. Chumba kizima kikacheka.

"Hapa ni Dodoma?"

"Ndiyo." Kichwa kikakataa.

"Mtoto wa kuolewa ni yule mdogo, anayesoma?"

Hapo hakucheka. Kichwa kikakataa kwa nguvu, na mkono wa kushoto ukainuka juu kuonyesha kimo, mkubwa, mkubwa.

"Ulimpa mdogo wako wakala?"

"Ndiyo. Ndiyo." Kichwa kinakataa, mkono unapiga goti.

Sheikh akasogea karibu, akapunguza sauti. "Unataka kumwozesha wewe mwenyewe?"

"Hapana," mume wangu akasema. Kichwa kikakubali. Kikakubali tena na tena. Machozi yakaanza kumshuka, naye hakuyafuta, na mimi kanga yangu nilikuwa nimeijaza mdomoni.

Sheikh akasema akili ipo, uwalii ni wake, na yeye mwenyewe atamwambia mdogo mtu. Akasema wakala upo na ni mwepesi, kwa kichwa tu angeweza kuutoa, lakini mwenye haki akitaka kuitumia haki yake, nani amzuie? Maneno ya lazima si mengi, mahari atayataja yeye sheikh. Kinachotakiwa kwa mzee ni aseme, nimekuozesha mwanangu fulani. Basi.

Basi! Maneno matatu. Kwa mume wangu yalikuwa kama kuvuka ziwa kwa kasia moja.

Tulifanya kazi. Dada alimfundisha kupiga goti kwa mkono mzima, kila pigo na kipande cha neno. Ni. Me. Ku. Wote tukapiga naye, mwalimu, mama wa Kidahwe, mke wa mwalimu aliyekuwa sasa ameuweka mtandio begani. Neno lilikuja vipande vipande, likapotea, likarudi. Siku lilipotoka zima, "nimekuozesha", mama wa Kidahwe aliimba ubeti mzima wa wimbo wa Pasaka. Neno "mwanangu" likafuata baada ya wiki kadhaa. Tukawa tunaona bandari.

Kisha tukafika kwenye jina la binti.

"Nimekuozesha mwanangu," akasema vizuri kabisa, akavuta pumzi, na likatoka jina langu.

Mke wa mwalimu akapasuka kwa kicheko. "Toba! Kamwoza mkewe!" Tulicheka sote. Akarudia, ikawa hivyohivyo. Akarudia. Kila akirudia ananikabidhi mimi kwa fundi umeme wa Katubuka.

Dada akafikiri akaja na hila. Maneno yaliyozoeleka sana, alisema, mara nyingine hutoka yenyewe. Kwa kuwa miaka yote aliniita Mama Fulani, na huyo Fulani ndiye binti anayeolewa, basi tumwanzishie, "Mama...", tuone kama jina litafuata. Alimwanzishia. "Mama..." Na mume wangu akamalizia jina la binti yetu, safi, lina herufi zake zote. Nilipiga kigelegele mle hospitalini hadi muuguzi akachungulia.

"Sasa yaunganishe yote, Mzee," dada akasema.

Akapiga goti. "Nimekuozesha. Mwanangu." Akavuta pumzi. "Mama Fulani."

"Oya!" mama wa Kidahwe akapiga kelele. "Oya, oya, oya!"

Maana Mama Fulani ni nani? Ni mimi. Kila njia iliniozesha mimi. Tulicheka hadi mbavu zikauma, na yeye akacheka nasi, bega lake zima likitikisika. Kisha nikaona ameacha kucheka, anatazama chini, sisi tunaendelea. Nikanyamaza. Aliogopa. Alikuwa ameiona siku yenyewe, wanaume wa Ujiji wamekaa, mdogo wake kashika tasbihi, na yeye mbele yao anatamka jina la mkewe badala ya la bintiye, na ile sentensi ya mlangoni kwangu, hana akili timamu, inapata mashahidi sebule nzima.

Nilirudi kwa sheikh. Nikamwuliza, kwani akisema "mwanangu" tu haitoshi? Akasema ingetosha kama ungekuwa na binti mmoja, lakini unao wawili. Kisha akakuna ndevu akasema ipo njia. Binti akikaa palepale, mbele ya baba yake, na baba akamwonyesha kwa mkono, hiyo inatosha. Nikamwuliza, hata akikosea jina? Akasema mkono ukiwa juu yake, jina lililoteleza haliharibu kitu.

Msomaji wa mahali pengine atasema, hilo tu? Kwetu bibi harusi hakai na wanaume. Anakaa chumbani, wanaume wako sebuleni au msikitini, sheikh anatuma mtu kumwuliza ridhaa yake nyuma ya mlango, na mambo yanakwisha hajaonwa hata kidole. Shemeji aliposikia alifura. "Bibi harusi mbele ya wanaume! Ujiji hii hii? Watu watasema nini?" Nikamwambia watu walishasema nimemwekea limbwata, waache wapate kitu kipya. Lakini nisijifanye jabali. Na mimi moyo ulinipiga. Nilimlea mtoto wangu ili siku yake iwe na heshima zote, na nilijua ndugu wa kijana wangeweza kukunja uso. Binti ndiye aliyekata shauri. "Nitajifunika, nitakaa kwa baba. Sioni nani ataniambia niondoke kwa baba yangu."

Dada wa mazoezi alipopata habari hizo alibadilisha somo. Alisema neno likikataa, usipigane nalo mlangoni, pita uani. Tumia huyu, tumia yule, tumia mkono. Wakawa wanafanya mazoezi ya "huyu" chumba kizima, wananyoosheana vidole wanacheka. Mume wangu alilipata neno hilo upesi, lakini hakulipenda. Alitaka jina. Alfajiri baada ya sala nilikuwa namsikia uani, amekaa kwenye kigoda, anapiga goti, anaanza, anafika, anaangukia kwangu. Anaanza tena. Nilikuwa ndani nachambua mchele na kuomba, Ee Mola, mpe hilo moja tu, mengine yote baki nayo.

Siku ya ndoa wanaume walijaa sebuleni baada ya sala ya alasiri. Mwalimu mstaafu alikuja na leso kajifunga mdomoni, kwa hiari yake mwenyewe, na akasalimia watu wote kwa macho. Mimi na dada wa mazoezi tulisimama nyuma ya pazia la chumbani, nimelifungua upenyo. Binti yangu akatolewa amejifunika shela zito, akakaa mkekani ubavuni kwa baba yake, upande wa kushoto. Minong'ono ikapita. Sheikh akaiacha ipite.

Mkono wa kulia wa mume wangu, ule uliokufa, sheikh aliuinua mwenyewe akauweka katika mkono wa kijana. Kijana aliushika kwa mikono miwili. Hotuba ikasomwa. Binti akaulizwa kama ameridhia kuozeshwa na baba yake, akasema ameridhia, tukamsikia sote. Kisha sheikh akamwambia mume wangu, "Bismillah, Mzee."

Mkono wake wa kushoto ulianza kupiga goti.

"Nimekuozesha," akasema. Ilitoka nzima. Dada akanibana kiganja.

"Mwanangu."

Akavuta pumzi. Nami naujua uso ule, nimeulalia ubavuni maisha yangu yote, niliona midomo inajikusanya, niliiona herufi ya kwanza imeshakaa tayari, na haikuwa ya mtoto. Ilikuwa yangu. Na yeye akajua. Akaufunga mdomo. Akaubana kabisa, mishipa ya shingo ikamsimama, na jasho likamtoka kwenye paji.

Upepo wa ziwani ukayagonga mabati. Shemeji yangu akajiinamia kwa mbele, akamnong'oneza jina la binti, mara ya kwanza, mara ya pili, anampa kama mtu anayemtia mtoto chakula mdomoni. Mume wangu akawa anahangaika, anamtazama mdogo wake, anatazama chini, na nikaona anaanza kukata tamaa.

"Mngojeeni!"

Ni mimi. Sauti yangu, nyuma ya pazia, katikati ya ndoa ya wanaume. Vichwa vyote viligeuka. Sheikh hakugeuka. Alimnyooshea shemeji kiganja, naye akarudi nyuma akakaa.

Wakangoja. Mume wangu akaacha kupiga goti. Mkono ule wa kushoto, ambao sisi hatumpi mtu kitu nao, ukainuka taratibu, ukashuka juu ya shela, kichwani kwa mtoto wetu.

"Huyu," akasema.

Akameza mate. Na lililofuata hakulifanyia mazoezi Gungu wala uani, hakufundishwa na mtu.

"Huyu wangu."

Kijana alikuwa amekaririshwa jibu lake, jina la binti na jina la baba yake, tangu jana. Alimtazama sheikh, akamtazama mkwewe. "Nimekubali kumwoa huyu," akasema.

"Imeswihi," sheikh akasema.

Uani kukalipuka vigelegele, sauti ya mama wa Kidahwe juu ya zote. Mimi sikupiga hata kimoja, nilikuwa nalia nimemshikilia yule dada. Sebuleni watu wakaanza kupeana mikono. Sheikh akainama akamwambia mume wangu kwa upole, "Tayari, Mzee. Umemwozesha. Sasa mwachie."

Hakumwachia. Mkono ulibaki palepale juu ya shela, na chini yake mabega ya binti yangu yakawa yanatikisika. Shemeji akanyanyuka aende kumwondoa mkono, akafika nusu ya mkeka, akasimama. Kisha akapiga magoti pale pale, akakaa, na akangoja pamoja nasi.